Digna Wawili

Mimi ni karani wa vizazi na vifo katika mji wetu wa milimani, Chalatenango, na tangu mwanzo sikuuamini ule mtandao mpya wa kijamii, Rostro. Mawakala wake walituambia humo hakuna jina la uongo. Unapeleka kitambulisho na uso wako, jina linafungwa kwenye mnyororo wa kompyuta maelfu, na hata mwenye kampuni hawezi kulifuta.

"Na kama kitambulisho chenyewe ni cha uongo?" nilimuuliza wakala wao.

"Dada Nohemy, sema tu unaogopa tutakunyang'anya kazi," akanicheka.

Daftari zetu ziliungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye watu waliandikwa upya kwa kiapo cha mashahidi wawili, na mimi najua jinsi viapo vile vilivyokuwa vya ovyo.

Jirani yangu Digna Alvarenga, muuza pupusa, vile vikate vya mahindi vya kujazwa, aliokotwa wakati wa vita hivyo, mtoto wa miaka mitatu hivi. Marehemu Mama Chepita alimlea bila kuwajua wazazi wake. Digna alijiunga na Rostro kwa sababu kundi la kwaya ya kanisa lilihamia huko. Siku ya tatu akanijia na simu, mikono imejaa unga wa mahindi.

"Hebu nisomee. Au macho yananidanganya?"

Ujumbe ulitoka kwa bibi mmoja aliyeko Houston, Eulalia Recinos. "Binti yangu Digna Alvarenga alizaliwa siku hiyo hiyo uliyoandika. Alifia mikononi mwangu, nikamzika mwenyewe. Wewe ni nani?"

Hapo tukaelewa. Mama Chepita, akimtafutia mtoto karatasi, alikuwa ameazima jina na tarehe ya maiti kutoka makaburini kwetu.

Digna alimweleza yote, akaomba radhi. Wiki ikapita. Kisha bibi akapiga simu.

"Nimewauliza kampuni. Wanasema umethibitishwa. Mwanangu, kumbe u hai!"

"Mama, mimi siye. Jina nilipewa tu."

"Usiniogope. Mikono yangu ndiyo iliyokosea. Mashine haikosei."

Digna aliwaandikia Rostro wamrekebishe. Wakajibu kwamba kilichofungwa hakifunguliwi. Akaufuta mtandao kwenye simu yake, lakini uso wake ulibaki kule, bibi akaendelea kuuandikia, na wanakwaya wakawa wanamletea habari: leo bibi kauliza kama umekula, leo kauliza kama unalala vizuri.

Jumamosi moja alfajiri tulisikia sururu makaburini. Mpwa wa Bibi Eulalia alikuwa ameshang'oa msalaba mdogo wa mbao.

"Kaka, acha! Humo kuna mtoto!" Digna alipiga kelele.

Yule mtu akamtazama kwa upole. "Mtoto ndiye wewe, dada. Shangazi kanituma. Anasema hapa hapana mtu."

Yule mtu alipoondoka, Digna aliurudisha msalaba, akaushindilia kwa mawe. Jina lake lilikuwa limechongwa pale, na mwaka wa kufa.

"Nitafutie jina lingine," akaniambia. "Lolote."

Hakimu alikubali baada ya miezi minane. Nilimwandika mwenyewe kwa kalamu: Ester. Alifurahi, akapigwa picha ya kitambulisho kipya, akajaribu kujiunga na Rostro upya ili arudi kwenye kwaya.

Simu ilifikiri kidogo, ikamjibu: uso huu una mwenyewe, na mwenyewe ni Digna. Chini yake palikuwa na ujumbe wa asubuhi ile. Bibi Eulalia ameshakata tiketi ya ndege.