Ufunguo wa Pili wa Gari la Rusi

Ufunguo wa gari la Rusi ulikwenda Kampala ndani ya gunia la kahawa. Hilo halina ubishi, na Rusi mwenyewe hakulikataa. Jumatatu ile alikuwa Kyarumba, juu kabisa ambako gari halifiki, anapima kahawa ya wakulima. Mikono ilikuwa imejaa kazi, akauchomeka ufunguo kwenye mkunjo wa kitenge kiunoni, akainama, akainuka, akainama tena. Magunia yakashonwa, yakateremshwa vichwani kwa njia za miguu mpaka barabarani, lori la mnunuzi likapakia na kuondoka. Aliporudi Kinyamaseke, alikoliacha gari uwanjani kwa rafiki yake Ketura, alipapasa kiuno akakuta kitenge tu.

Uzembe? Sawa, uzembe. Rusi aliubeba, akajitukana mwenyewe vya kutosha. Lakini yaliyofuata hayakuwa uzembe wake, na mtu asije akamchanganyia mambo hayo mawili.

Gari lenyewe lilikuwa Noah ya rangi ya fedha, alilolinunua mwaka 2012 kwa kahawa na maharage, misimu sita ya kupanda na kushuka milima hiyo kwa miguu yake. Kitabu cha gari, ile hati ya umiliki, kiliandikwa jina lake, jina lake peke yake. Lilitoka Japani na ufunguo mmoja, kama magari mengi ya mtumba, na ufunguo huo aliupokea mkononi mwake. Sasa lilikuwa limefungwa, na ndani yake mlikuwa na magunia ya maharage ya shule moja ya bweni ya Kasese, ambayo wanafunzi wake walikuwa wanafungua Jumatatu iliyofuata. Mkuu wa shule alishasema kwamba akichelewa, atamtafuta mtu mwingine.

Jumanne asubuhi alikwenda Kasese kwa Davis, ambaye mji mzima ulijua ndiye mwenye mashine ya kuandika funguo za magari, yaani kulifanya gari liutambue ufunguo mpya. Akaweka juu ya meza kitabu cha gari na kitambulisho chake. Davis hakukifungua hata kitabu. Alimtazama Rusi, akatazama nyuma yake kana kwamba kuna mtu aliyebaki mlangoni, akauliza mzee yuko wapi.

Rusi akamwambia mzee hahusiki, gari ni lake, asome. Davis akajibu kwa upole mwingi, upole ule wa kumbembelezea mgonjwa, kwamba siku hizi wezi ni wengi, na yeye hawezi kugusa gari bila barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri, na ndani ya barua hiyo mume awe ametia sahihi.

"Mama, gari ya nyumbani iko na mwenyewe," akasema. "Mwambie mzee aje, itaisha tu."

Rusi alitoka pale masikio yakiwaka moto. Misimu sita! Lakini maharage hayakuwa na muda wa kungoja hasira yake, kwa hiyo akaimeza, akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti naye, mtu aliyezoea kusimama mikutanoni na kusifu akina mama, akasema muhuri upo, wino upo, ila Semu aje kwanza.

Semu ndiye mume wake, baba wa mtoto wao Bright. Alikuwa na shamba dogo la pamba na maneno machache. Gari hilo hakuwahi kulisemea jambo. Rusi alipomweleza, alikuwa anakula, akaendelea kula, akasema ataliangalia. Jumatano akasema bado analiangalia. Alhamisi alirudi nyumbani na mwenyekiti mwenyewe, wameandika barua kabisa, na majirani waliokuwa karibu wakamwambia Rusi ashukuru Mungu kwa kupata mwanaume anayehangaika hivyo.

Rusi akaisoma. Ilisema: mimi Semu, mwenye gari aina ya Noah namba fulani, ninamruhusu mke wangu Rusi kutengenezewa ufunguo kwa niaba yangu. Chini palikuwa na nafasi mbili, moja ya mwenye gari na moja ya mke, kukubali kwamba ndivyo ilivyo. Nafasi ya kwanza Semu alikuwa ameshaijaza.

Akauliza huyu mwenye gari ametokea wapi. Mwenyekiti akamweleza kwamba barua za nyumbani huandikwa hivyo siku zote, ni mtindo tu. Semu akasema ni karatasi, haina neno, atie sahihi watu wakalale. Na hapa ndipo Rusi anapoona haya hadi leo akikumbuka: alichukua kalamu. Alikuwa amechoka. Aliwaza magunia ndani ya gari lililofungwa juani, akawaza mkuu wa shule na kauli yake, akaona kwamba jina moja kwenye karatasi haliwezi kumzidi nguvu yeye aliyelinunua gari. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake simu ilipolia.

Alikuwa Ketura. Amesikia kuna Mkongomani pale Bwera mpakani, mtu wa Butembo aitwaye Célestin, anatengeneza funguo na anakuja mwenyewe mahali gari lilipo. Rusi akaweka kalamu chini. Akawaambia wanaume wale wawili kwamba kuna fundi atakayelifuata gari kwa Ketura, sahihi itangoja, akaingia ndani.

Ijumaa saa nne Célestin aliteremka Kinyamaseke na mkoba mgongoni. Jambo la kwanza aliloomba ni kitabu cha gari na kitambulisho. Rusi akamtazama akikisoma kitabu, akitazama picha, akimtazama yeye usoni, kisha picha tena. Akapiga magoti, akalinganisha namba ya kitabu na ile iliyogongwa kwenye gari, akaiandika kwenye daftari lake pamoja na jina la Rusi. Akaurudisha mkoba begani na kuuliza kama waanze. Rusi alikuwa anangojea swali la mume, halikuja, mpaka ikabidi amuulize mwenyewe kama hahitaji barua.

"Barua ya nini, mama? Gari iko ya mutu mwenye jina yake iko mu kitabu," akasema Célestin.

Ni sentensi ndogo, na mtu asiyezungushwa siku nne hatajua ni kwa nini Rusi aligeuka akajifanya anamtafuta Ketura, ili yule mgeni asione machozi.

Célestin alifungua mlango kwa waya mwembamba, akakitoa kitasa cha mlango wa abiria, akakisoma meno yake, akakirudisha, na kwa mashine ndogo ya mkono akachonga funguo mbili, kwa sababu yeye hakubali mtu abaki na mmoja. Akaeleza kwamba kuchonga ni nusu tu ya kazi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kidude kinachoongea na gari, na gari halikubali kuwaka mpaka likitambue. Akachomeka waya chini ya usukani, akawasha kompyuta yake, akatazama. Akatazama tena.

"Mama, uliniambia ulikuwa na funguo ngapi?"

Rusi akasema mmoja.

"Mashine inasema funguo iko mbili. Moja ya Japani. Ya pili imeandikwa baadaye, na mashine ya kama hii yangu."

Rusi alibaki amesimama na mkono juu ya mlango wa gari. Yeye ni Msabato. Jumamosi yote huwa kanisani tangu asubuhi mpaka jioni. Mwaka uliopita alianza kuona mafuta yanapungua, akaona ni vyema ufunguo asiuache ukining'inia kwenye msumari chumbani, akawa anakwenda nao kanisani. Mafuta hayakuacha kupungua. Na Jumapili gari lilikuwa na harufu ya samaki. Alimuuliza Semu mara mbili, na mara mbili Semu akamwambia ni magunia ya soko, pua yake inamdanganya. Samaki wa Katunguru, kule ziwani! Siku ya Sabato, yeye yuko kanisani anaimba, gari lake liko barabarani linafanya kazi.

Hakumpigia Semu. Alimpigia Davis, akaweka simu kwenye spika ili Ketura asikie, akamuuliza kama amewahi kuiandikia Noah yake ufunguo.

Davis hakuona hata sababu ya kuficha. Ndiyo, mzee alikuja nayo mwaka jana, Jumamosi moja, ufunguo wa msumarini ukiwa mkononi, akamtengenezea mwingine.

"Ulimwomba barua ya mwenyekiti?"

"Mama, mwanaume na nyumba yake, nimuombe barua ya nini?"

"Na kitabu cha gari ulikiona?"

Kitabu hakukiona. Haja haikuwapo.

"Kwa hiyo Jumanne nikiwa nimesimama mbele yako, ulijua mume wangu ana ufunguo."

"Nilijua. Ndiyo maana nilikwambia mwambie mzee aje," akasema Davis, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Rusi akakata simu. Kusema alikasirika ni kulipunguza jambo. Siku nne amekimbia Kasese na kurudi, ameomba, amengoja kwenye benchi la mwenyekiti na vumbi la barabara miguuni, na siku zote nne ufunguo wa gari lake ulikuwa unalala nyumbani kwake, mita mbili kutoka kichwani kwake, pengine ndani ya koti la mtu aliyemwambia ataliangalia. Semu alimwangalia akihangaika. Alimwandikia barua. Hakuutaka ufunguo upatikane. Alitaka kwanza sahihi ipatikane.

Na wakati huo huo boda ikasimama mbele ya uwanja, Semu akateremka. Alikuwa amevaa lile koti lake la kijivu, na mkononi ana barua ndani ya nailoni isije ikalowa. Alimsalimu Ketura, akamsalimu Célestin kwa jicho la kumpima, akamwambia Rusi kwamba ameona amletee barua huku huku, fundi asije akapata matatizo na serikali.

Célestin hakujua huyu ni nani, wala hakuuliza. Alikuwa mtu wa utaratibu wake, na utaratibu wake una tangazo ambalo hulitoa kila anapofika hatua ile, kila gari, kila mahali.

"Sasa nafuta yote, gari isahau funguo zote za zamani," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ni dakika kumi na sita. Hii taa nyekundu itawaka na kuzima. Kama kuna bengine beko na funguo ya hii gari, balete sasa, nitaiandika pamoja na hizi mupya. Ile haiko hapa itakufa, na sitaifufua."

Akamtazama Rusi, kwa sababu jina lililo kwenye daftari ni la Rusi.

Rusi akamgeukia mumewe. 

"Baba Bright, wewe una ufunguo wa gari hili?"

"Niupate wapi?" akasema Semu.

"Anza," Rusi akamwambia Célestin.

Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima karibu na usukani. Ketura akaleta viti, hakuna aliyekaa. Semu aliweka mkono wa kulia katika mfuko wa koti, ukabaki humo. Dakika ya nne akasema kazi za Wakongomani hazidumu, bora wangemngoja Davis. Dakika ya saba akauliza kama hiyo mashine inaweza kusimamishwa, na Célestin akasema inaweza, mwenye gari akisema. Mkono wa Semu ukajikunja ndani ya mfuko, koti likavutika begani, Rusi akauona, Ketura akauona. Ilikuwa imebaki autoe ufunguo tu. Angesema lolote, angesema aliokota, Rusi angelimeza, kwa maana mtu hajengi na mwenzake miaka kumi na saba akakosa kumwachia upenyo wa kutokea. Aliutazama mkono ule mpaka macho yakamwuma.

Taa ikazimika.

Célestin akaziandika funguo zile mbili, moja moja, akawasha gari kwa kila mmoja ili mwenyewe aone, akamkabidhi Rusi zote. Rusi akampa haki yake, akamshukuru. Semu akavuta pumzi ndefu, akasema haya, mambo yamekwisha, twende tukapeleke maharage ya watu.

"Kwanza jaribu wa kwako," Rusi akamwambia.

Semu akasema wa kwangu upi. Rusi akafungua mlango wa dereva, akasimama pembeni. Ketura alikuwa anatazama, mwenye boda alikuwa anatazama, na kukataa kulikuwa kumechelewa. Semu akautoa mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia. Aliingia, na mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya kiti, ukashika chuma cha kurudishia kiti nyuma bila kukitafuta. Akazungusha. Injini ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikanyamaza. Mara ya tatu hakuzungusha, alikaa tu na mikono juu ya usukani.

"Nilikuwa nakuombea uutoe," Rusi akasema. "Dakika zote kumi na sita."

Semu akateremka, barua bado iko mkononi, haijui iende wapi. Rusi akaingia, akakivuta kiti mbele mpaka miguu yake ikafika, akamwambia Ketura kwamba Sabato inaanza jua likizama na Kasese bado ni mbali. Semu akazunguka upande wa pili, akashika mlango wa abiria, akauvuta. Ulikuwa umefungwa, na Rusi alishaingiza gia.