Ufunguo wa Chumba cha Ghala

Kwa miaka miwili Kijakazi alihangaika kutafuta mahali pa kukaa na kompyuta yake hapa Mitwero. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti wa Dar es Salaam na kuyaandika neno kwa neno, na kazi hiyo haitaki kelele. Nyumbani mama yake, Bi Sauda, alikuwa na cherehani na mdomo, na vyote viwili havikujua kupumzika. Dukani kwa Batuli palikuwa na meza kivulini, lakini redio ilipiga kelele kutwa. Kwenye nyumba ya wageni ya barabarani walimkaribisha vizuri, mpaka walipoona saa tatu zimepita na soda ni ile ile moja.

Akaishia kwenye benchi la nyuma ya zahanati, ambako mtandao ulikuwa haukatiki. Haikupita wiki, mtaa mzima ukajua kwamba binti wa Bi Sauda haponi. Watu wakaanza kuja na uji. Jirani mmoja akamuuliza mama yake, kwa sauti ya chini ya kiungwana, mimba ina miezi mingapi.

Palikuwa na mahali pamoja tu pazuri: chumba cha pembeni cha ghala la korosho. Kina umeme, feni na dirisha linaloangalia mikorosho, na tangu msimu uishe hadi Oktoba hakuna anayekitumia isipokuwa mijusi. Kijakazi alishakwenda kumwomba Mzee Shamte, katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Mwanangu, ghala ni la korosho. Si la kukalia."

Basi akaja Nusaiba, binti wa mjomba wake, kutoka Dar. Siku kumi tu, chumba akapewa. Alichofanya ni kujitolea kuchapa daftari la wanachama lililoliwa na mchwa, na mzee akatoa ufunguo mwenyewe, tena kwa kucheka. Nusaiba akaingiza meza nne. Petro mchora ramani za nyumba akahamia, na Fortunata anayeuza vitenge mtandaoni akahamia.

"Binamu, meza ya dirishani ni yako," Nusaiba alimwambia. "Nimekuwekea."

"Mimi nina mahali pangu," Kijakazi akajibu.

Mahali pake penyewe ni benchi la wagonjwa. Wivu ulimjaa. Kilichomuuma zaidi ya chumba ni kwamba wazo lilikuwa lake. Angekuwa na akili ya kulitazama lile daftari lililoliwa, si ufunguo ungekuwa wake? Kila alipopita pale asubuhi na kusikia Fortunata anacheka ndani, aliona kama anachekwa yeye.

Jumatatu jioni Nusaiba alikuja kumsalimia shangazi yake. Akakaa mkekani, akaeleza kwa furaha kwamba kesho saa nne asubuhi ana usaili kwa njia ya video na kampuni moja ya Dodoma. Ajira ya kudumu, na angeifanyia hapa hapa Mitwero, asimwache baba yake anayeumwa. Kompyuta ameshaiacha chumbani ghalani, maana kwao watoto hawaachi kitu. Alipoondoka, ufunguo ukabaki mkekani.

Kijakazi akauokota, akaufunga kwenye pindo la kanga.

Hapa lazima tuelewane. Mabinamu ni watani, na mtani akikuchukulia kitu chako huruhusiwi kununa. Unacheka, unatoa fidia, unakomboa. Mwezi uliopita tu Nusaiba alimchukulia sahani ya pilau mbele ya wageni, na Kijakazi alicheka kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo asubuhi ile, Nusaiba alipokuja mbio saa tatu na nusu, Kijakazi alikuwa na la kusema.

"Ufunguo nimeuteka. Komboa."

Nusaiba akacheka. "Haya, unataka nini, mtani?"

"Jogoo."

"Utampata jioni. Nipe, binamu, saa inakwenda."

"Jogoo kwanza. Tena mwekundu."

Nusaiba akacheka tena, mara hii kidogo. Ufunguo wa pili alikuwa nao Mzee Shamte, naye alikuwa mbali, Njinjo msibani. Nusaiba akamtazama Kijakazi, akimpekua uso. Kisha akakaza kilemba chake na kuondoka bila kuomba tena.

Kijakazi alidhani angefurahi. Akakaa dakika kumi, ishirini, arobaini. Saa nne na robo akatoka mbio na ufunguo mkononi, akafika ghalani, akawakuta Petro na Fortunata wameketi kizingitini.

"Kaenda zahanati," Petro akasema. "Eti kwenye benchi lako mtandao haukatiki."

Akamkuta pale. Nusaiba ameinua simu usawa wa uso, anajibu maswali kwa heshima huku nesi akiita majina dirishani na watoto wakilia kwa kuogopa sindano. "Samahani, naomba urudie swali," alikuwa anasema. "Samahani, sijasikia." Kijakazi alijibanza ukutani. Alihesabu samahani saba, kisha simu ikakata moto kwa kuishiwa chaji.

Jibu lilikuja Alhamisi. Wamempata mwingine.

Jioni ile Nusaiba akaja, kashika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Akamweka mbele ya Bi Sauda na majirani wawili waliokuwa wakipimwa nguo.

"Shangazi, nimekuja kulipa. Mwanao kauteka ufunguo wangu siku ya usaili, na kazi yenyewe nimeikosa. Mtani gani huyu?"

Wanawake wakacheka hadi kushika mbavu. Bi Sauda akasema utani wa siku hizi umekuwa mkali, akamsifu mpwa wake kwa moyo mpana. Nusaiba naye alikuwa anacheka. Hakuna aliyemlaumu Kijakazi, wala hakuna ambaye angemlaumu kamwe. Akasikia aibu iliyomzidi nguvu. Afadhali angetukanwa.

Akamsindikiza Nusaiba hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Haukuwa utani," akasema. "Nilikuonea wivu. Nilitaka ukose."

Kicheko kikafutika usoni mwa Nusaiba.

"Nilijua tangu asubuhi ile," akasema polepole. "Kwa nini unadhani nimeleta jogoo mbele ya watu? Nilitaka yaishe kama utani, binamu. Ningecheka, tungeendelea. Meza yako ipo hadi leo, hajaikalia mtu." Akautoa mkono wake mkononi mwa Kijakazi. "Sasa umeshasema. Nifanyeje?"

Kijakazi akafungua pindo la kanga, akamnyooshea ufunguo, naye Nusaiba akaupokea.

Kisha Nusaiba akarudi ndani, akapita katikati ya wale wanawake, akamwinua jogoo wake sakafuni na kuondoka naye.