Maharage Yaliyojimwaga

Kwenye familia walimwita Profesa tangu hajamaliza hata shahada ya kwanza, na jina lilikuwa na utani mwingi kuliko sifa. Kazi yake kwenye kituo cha utafiti ilikuwa kuyachanganya maharage ya kawaida na yale ya porini yanayojiotea vichakani, yenye mbegu ndogo nyeusi ambazo fukusi hawazigusi hata zikae ghalani mwaka mzima. Alitaka kujua ni jeni ipi inayowafukuza wale wadudu, na imekaa wapi.

Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye pekee aliyemsikiliza akieleza mambo hayo mpaka mwisho. Wengine waliishia kucheka. Siku ya harusi ya binamu yake, shemeji mmoja alimuuliza mbele za watu miaka yote hiyo anasomea maharage, lini wataona hata sahani moja. Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini lilimchoma. Haukupita muda akaingia ghala la kituo, akachota ndoo nzima ya mbegu chotara zilizokuwa zimeshinda majaribio ya fukusi, akampelekea shangazi. Sheria ya kituo ilikataza mbegu kutoka kabla utafiti haujakamilika. Alijiambia kwamba kilichobaki ni kuandika tu.

Shangazi hakuuliza mara mbili. Alipanda shamba lake lote, na nyingine akamgawia mama jirani, akimwambia zimetoka kwa mwanawe.

Maganda yalikuwa yamejaa wakati ramani ya jeni ilipokamilika. Profesa alikaa mbele ya kompyuta na mkuu wake wa maabara, mzee mpole aliyependa kugonga kioo kwa kalamu anapoeleza. Kromosomu ilichorwa kama kijiti kilichosimama, na ile jeni ya kufukuza fukusi ilikuwa palepale walipotegemea. Chini yake kidogo, karibu kugusana nayo, ilikaa jeni nyingine ya porini: ile inayofanya maganda yajisokote yakikauka, yapasuke na kurusha mbegu huku na huko. Porini ndivyo maharage yanavyosambaa. Shambani ni hasara tupu.

"Hizi zinaishi mlango kwa mlango," mkuu alisema. "Ukimkaribisha mmoja, mwenzake anaingia naye. Itabidi tuoteshe mimea mingi mpaka tupate mmoja ambao zimeachana."

Alisema kwa furaha, maana kwake huo ulikuwa ugunduzi. Kwenye banda la vioo walimooteshea mimea hawakuwahi kuliona hilo, kwa sababu mle mna unyevunyevu na maganda yalichumwa kabla hayajakauka. Profesa aliitikia kwa kichwa, akiliwaza shamba la shangazi.

Muda ulikuwepo. Shangazi angeweza kuchuma mapema, maganda yakiwa bado ya njano, akayaanika nyumbani juu ya turubai. Ilihitaji simu moja tu, na Profesa akapiga. Alimwamkia, wakajuliana hali, kisha shangazi akaanza kusimulia jinsi maharage yalivyobeba, mpaka watu wanasimama njiani kuyatazama.

"Umenitoa kimasomaso, mwanangu," alisema.

Profesa alifungua mdomo amwambie, maneno yakamkwama. Akasema amefurahi kusikia hivyo, ila mkuu anamwita. Hakuna aliyekuwa akimwita.

Kisha jua likawaka kweli kweli. Alipojikaza akaenda shambani kwa shangazi, aliyasikia maganda kabla hajaufikia uzio, yakilia moja moja kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Shangazi alikuwa amepiga magoti katikati ya mistari, beseni ubavuni, akiokota punje ardhini. Mama jirani alikuwa akimsaidia. Kwake zilikuwa zimeshamwagika zote.

"Pole, mwanangu," mama jirani alimwambia. "Shangazi yako ametueleza. Ulimpigia simu ukamwonya avune mapema, yeye akazembea na mimi akasahau kuniambia. Ndiyo uzee huo."

Profesa alimtazama shangazi yake. Shangazi hakuinua uso, mkono wake ukaendelea kuchambua punje kwenye vumbi. Wakati huo Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumwonya," alisema. "Nilikuwa najua, na nilimpigia, lakini sikumwambia. Niliona aibu kusema nimewapa mbegu ambayo siijui vizuri."

Mama jirani aliweka chini zile punje alizokuwa nazo kiganjani. Hakumgombeza. Alijikung'uta magoti, akamuaga shangazi peke yake, akaondoka.

Profesa alipiga magoti kwenye mstari wa pili na kuanza kuokota. Punje nyingi zilikuwa zimeingia kwenye nyufa za udongo, na kucha zilimuuma kwa kuzifukua. Shangazi akasema bila kuacha kuokota, "Ile siku ulinyamaza kidogo kwenye simu. Nilijua kuna neno. Nikangoja ulitoe."

Hakulisema kwa hasira, na ndilo lililomliza.

Aliporudi kituoni alimweleza mkuu kila kitu. Mkuu aliacha kugonga kalamu. Alimwondoa kwenye kazi ya ramani, akampa kazi ya kuosha vyungu na kupanga udongo, na Profesa hakujitetea. Mmea ambao jeni zile mbili zimeachana ulikuja kupatikana mikononi mwa mwenzake. Alifurahi, na ndani ya furaha hiyo akaona haya upya, kwa sababu kilichokuwa kimebaki ni subira tu.

Jioni ya siku mmea huo ulipopatikana alimpigia shangazi. Safari hii alianza na yale ambayo bado hawajayajua. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mwaka huu amepanda mbegu zake za zamani, na fukusi watakula sehemu yao kama kawaida.

"Na mama jirani?" Profesa aliuliza.

"Hajambo," shangazi alijibu. "Ila ukija, nenda kwake mwenyewe. Mimi sitakusemea tena."