Ladha ya Ngwaci

Mzee Kiragu alipokataa hata maji ya uvuguvugu, binti yake Ciru alitoka chumbani, akasimama kwenye korido ambapo majirani huanika nguo, akajiziba mdomo kwa kanga ili kilio chake kisisikike ndani. Alikuwa amebaki na wikendi moja tu. Jumatatu mzee angepimwa uzito hospitalini, na daktari alikwisha sema wazi kwamba akizidi kupungua, mwili hautastahimili tena matibabu ya miale. Ama awekewe mpira wa kulishia tumboni, ama matibabu yasimamishwe.

Kiragu alikuwa mkulima wa majani chai upande wa Limuru, mtu mrefu aliyezoea kutembea kati ya mistari ya chai kabla umande haujakauka. Saratani ya koo ndiyo iliyomtoa huko ikamleta Kangemi, kwenye vyumba viwili alivyopanga Ciru, ili awe karibu na hospitali. Miale ilikuwa inauchoma uvimbe, lakini haikuchoma uvimbe peke yake. Koo liligeuka kidonda. Mate yalikauka. Ladha nayo iliharibika, kila kilichoingia kinywani kikawa na ladha ya msumari. Uji wa wimbi, msumari. Supu ya mbuzi, msumari. Hata embe ambalo Ciru alilisaka soko zima la Kangemi wakati si msimu wake, mzee alilitafuna mara moja akalitema kiganjani, kisha akaomba radhi kana kwamba amemkosea mtu.

Habari ya mpira hakutaka kuisikia. Kaka yake mkubwa alikufa kwa ugonjwa wa namna hiyohiyo, na miezi yake ya mwisho alimiminiwa chakula tumboni kama gari linalotiwa petroli, kinywa kimefungwa, macho yanatazama dari. Kiragu ndiye aliyekuwa akimshikia ule mpira. Tangu siku ile aliapa kwamba yeye hatakufa hivyo. Na Karanja, mwanawe aliyebaki shambani, alikuwa upande wake. Alimpigia Ciru simu akamwambia amwache mzee arudi nyumbani, apumzike karibu na kaburi la mama yao, kuliko kumtesa mjini kwa sababu tu Ciru haoni jinsi ya kumwacha aende. Ciru alikata simu. Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake.

Alikuwa amejaribu kila alichoambiwa. Alizunguka katikati ya jiji kutoka duka moja la dawa hadi jingine akiulizia maziwa ya unga ya wagonjwa. Alikwenda kwa Bi Nabiha, mama wa Kilamu auzaye viungo karibu na msikiti wa Jamia, ambaye alimpa asali na iliki na kumwombea dua palepale dukani. Asali ilimchoma mzee kooni hadi machozi yakamtoka. Iliki hakuihisi kabisa.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, Ciru alikwenda kazini macho yamevimba. Alikuwa keshia kwenye mkahawa wa Kichina ulioko Hurlingham. Mteja alimwuliza jambo mara mbili na yeye akawa anamtazama tu. Awiti, mwanamke wa makamo aliyekuwa msimamizi wa vinywaji, alimwomba mwenzao akae kwenye kaunta, akamshika Ciru mkono na kumpeleka nyuma, pale palipowekwa birika na makopo ya chai. Alimkalisha juu ya kreti. Hakumwambia mambo yatakuwa sawa. Alimwuliza mzee anakunywa nini.

"Hakuna," Ciru akasema. "Chai ya maziwa inamkaba. Chai ya rangi anasema ni msumari."

Awiti alifungua kopo moja, akamwonyesha majani marefu meusi yaliyojikunja, yenye ncha za rangi ya dhahabu. Alisema yanatoka kusini mwa China, huko milimani, na kwamba wageni wengi hupitwa nayo kwa sababu haina jina kubwa kwenye menyu. Aliyatia kwenye birika dogo, akamimina maji yaliyochemka na kutulia kidogo, akangoja, akachuja. Chai ilitoka nyekundu, inang'aa. Ciru alikuwa ameiuza kwa muda mrefu bila kuionja. Alipoionja haikuwa kali. Ililala juu ya ulimi, ikaacha utamu ambao hakuna aliyeuweka.

"Yetu imetengenezewa maziwa, ndiyo maana ni kali," Awiti alisema. "Hii haichagui. Uiweke maziwa, sawa. Limau, sawa. Moto, baridi, yote sawa. Ukimaliza unayatia maji majani yaleyale na bado inatoka. Ila usiichemshe, Ciru. Ukiichemsha basi."

Alimfungia majani kwenye karatasi, akamrudisha kwenye kaunta.

Jioni Ciru alifika nyumbani na mikono ikamtangulia akili. Katika maisha yake chai ilikuwa kitu kimoja: sufuria, maji, maziwa, majani, moto, mpaka ipande na kutaka kumwagika. Alikuwa amekwisha ichemsha ndipo akakumbuka aliyoambiwa. Alimpelekea mzee hivyohivyo. Kiragu alichovya ulimi, akageuza uso ukutani. Ciru alimwaga chai yote kwenye sinki na kusimama pale akiwa na hasira ya kujipiga makofi.

Ya pili aliitengeneza polepole. Aliacha maji yatulie, akachuja, akaipoza mpaka kikombe kikashikika. Alimwinua mzee, akamtilia kijiko kimoja. Alitarajia aiteme.

Hakuitema. Aliifunga kinywani, mashavu yamejaa kidogo, macho yakahama kutoka ukutani yakaja kwenye kikombe. Alikaa nayo hivyo kwa muda mrefu, kisha akaimeza kwa maumivu yaliyoonekana shingoni mwote.

"Ngwaci," akasema.

Ciru alidhani hakusikia vizuri. Mzee akarudia, kwa ile sauti yake iliyobaki kama karatasi inayochanwa, kwamba ina ngwaci ndani, kiazi kitamu kilichookwa kwenye jivu, pale karibu na ganda kilipoungua. Ciru aliinusa. Kweli ilikuwepo. Alichukua kijiko kingine kabla mzee hajabadilisha nia, na mzee akafungua kinywa mwenyewe.

Siku hiyo na Jumamosi Ciru alikuwa kama mtu aliyepandwa na kichaa. Alipika uji kwa ile chai badala ya maji, mwepesi, akauchuja kwa kitambaa, na mzee akanywa karibu nusu kikombe. Aliigandisha kwenye friji ya jirani vipande vidogo vya barafu, akampa avinyonye, vikamtuliza kidonda. Aliitia maziwa kidogo, akaikoroga na yai, akaitia ndizi iliyopondwa. Majani yaliyochoka aliyatia maji tena. Awiti alikuwa amesema kweli, chai hiyo ilikubali kila ilichofanyiwa. Mzee alimeza kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya funda kama mtu anayepanda mlima, na Ciru alimtumia Karanja ujumbe kwamba baba anakula. Alijiona ameshinda. Alianza hata kufikiria sura ya daktari Jumatatu.

Jumapili mchana, wakati kwaya ya kanisa la jirani ilikuwa bado inaimba, uji ulipita njia isiyo yake. Kiragu alikohoa, akakohoa tena, kisha kikohozi kikakatika na sauti ikafa kabisa. Midomo ilibadilika rangi. Ciru alimwinamisha juu ya mkono wake na kumpiga mgongoni, akihisi mbavu zake moja moja chini ya kiganja, mpaka uji ukatoka pamoja na makohozi yenye damu. Jirani aliyekimbia kuja kusaidia alibaki mlangoni asijue la kufanya. Mzee alipopata pumzi alikuwa mwepesi mikononi mwa binti yake kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

Alipomlaza, mzee alimwambia basi. Inatosha.

Hapo ndipo Ciru aliposhindwa kujizuia. Alichota uji uliobaki, akauleta kinywani mwa baba yake. Mzee alifumba midomo. Akamsukumia kijiko mpaka chuma kikagonga meno, uji ukamtiririka kidevuni, na bado hakufungua. Ciru alimfokea baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alimwambia yeye ni mbinafsi, anataka kufa ili waliobaki wahangaike na kaburi. Alimwambia ameze.  Kiragu alitoa mkono chini ya blanketi, akaushika ule wa kijiko, hakuwa na nguvu za kuusukuma, akaushika tu.

"Maitu," alisema. Alimwita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, tangu utotoni kwa sababu Ciru amebeba jina la mama mzazi wa mzee. "Unaniumiza."

Ciru aliweka kijiko sakafuni. Alikaa palepale chini, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, mpaka giza likaingia. Baadaye alimpigia Karanja akamwambia aje na gari. Hakusema wanakwenda wapi, naye Karanja hakuuliza.

Karanja alifika Jumatatu mapema, viatu vina udongo mwekundu. Alimsalimia baba yake kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili, akaanza kukunja nguo za mzee kwenye begi, tayari kumrudisha shambani. Ciru hakumzuia. Alikuwa amechoka namna ambayo hata kubishana kulikuwa kazi. Mzee, aliyekuwa ameketi kitandani amevaa koti, ndiye aliyesema kwamba kabla ya kuondoka atengenezewe ile chai. Ciru alikataa. Alisema hataki kumwona akisongwa tena.

"Siimezi," Kiragu alisema. "Nataka niionje tu."

Akaitengeneza. Karanja naye alipewa kikombe, akanywa, akasema ni chai ya watu wasio na ng'ombe. Mzee alitia funda dogo kinywani, akalizungusha, akafumba macho, kisha akalitema kwenye beseni alilomshikia Ciru. Akatia jingine. Lilipokwisha alifuta midomo na kuuliza jambo ambalo Ciru hakulielewa mara moja. Aliuliza mtu akiwekewa ule mpira tumboni, kinywa chake kinafanywa nini.

"Hakifanywi kitu, Baba. Kinabaki chako."

"Anaweza kuonja?"

"Anaweza."

Kiragu alisema kaka yake hakuwahi kuonja kitu tena. Karanja aliweka begi chini. Alieleza, taratibu, kwamba baba mkubwa alikatwa ulimi mwaka mmoja kabla ya mpira, kwamba wachache waliojua walikubaliana kumficha hata Kiragu jambo hilo kwa sababu mwenyewe aliona aibu, na kwamba yeye alilisikia kwa marehemu mama yao.  Miezi yote ile aliyomshikia kaka yake mpira, Kiragu alidhani mpira ndio uliomfunga kinywa.

"Basi nipelekeni hospitali," alisema mwishowe. "Kama bado kuna kitu chenye ladha, waweke huo mpira wao. Ngwaci sijaimaliza."

Karanja alitoka nje kwenda kuwasha gari, na Ciru alimwona kupitia dirishani ameegemea mlango, mkono usoni.

Mizani ilisema kile walichoogopa. Daktari hakushangilia uamuzi wa mzee. Alisema wamechelewa kidogo, kwamba kifua lazima kipigwe picha kwa sababu ya uji ulioingia njia mbaya, na kwamba hawezi kuwaahidi kitu. Mpira uliwekwa wiki hiyohiyo. Kidonda chake kiliota usaha na mzee akalala na homa kali, na kuna siku Ciru alikaa kwenye benchi la wodi akijiuliza kama Karanja hakuwa sahihi tangu mwanzo. Homa ilishuka. Miale ilianza upya.

Kiragu hakuupenda ule mpira. Aliufunika kwa shati hata Ciru alipokuwa akimlisha, akageuza uso pembeni. Lakini asubuhi, kabla ya kulishwa, alitaka kikombe chake na beseni, na asiharakishwe. Baadhi ya siku hakuhisi kitu, akarudisha kikombe. Siku nyingine alihisi.

Siku aliyoruhusiwa kutoka wodini, Karanja aliendesha na Ciru alikaa nyuma, kichwa cha mzee mapajani pake, mfuko wa chakula cha mpira kati ya miguu. Walikuwa wamekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way Kiragu alipofungua macho na kumwuliza Karanja kama amekwisha pogoa chai ya kule juu, karibu na mto. Karanja alisema bado. Mzee akamwambia apogoe sasa, kabla ya mvua, ili mwakani ichipuke vizuri, na akamweleza akate kimo gani na wapi aanzie, akisimama kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache. Karanja aliitikia kila neno. Ciru alimfunika mzee vizuri kwa kanga, akatazama nje ya dirisha. Hakuwa na hakika kama baba yake angefika mwakani.