Unga Usio na Mchanga

Jirani yetu Yusta anasimulia kwamba mwaka 2013 mimi Elieth nilipandwa na pepo katikati ya soko la Kasulu. Anasema nililia, nikabeba gunia la unga wa muhogo nikalimwaga lote mtaroni, watu wazima wakanishika mikono. Siku hiyo Yusta alikuwa Kibondo kwenye msiba wa shemeji yake. Lakini anavyolisimulia, hata mimi huacha kazi nikasikiliza.

Ilivyokuwa ni hivi.

Huku kwetu muhogo ukishamenywa na kulowekwa, wengi huuanika chini, pembeni ya barabara, maana ndiko kwenye nafasi na jua. Malori ya Kibondo yakipita, vumbi jekundu linaulalia. Ugali wake ukiutafuna, meno yanalia kru. Tumezoea, tunameza haraka. Wageni waliohamishiwa kazi huku ndio walioshindwa.

Nilipoanza biashara nilijenga chanja za miti nyuma ya nyumba ya shangazi Philomena, aliyenilea, nikawa naanika juu. Lakini unga ukishasagwa wote unafanana. Nani angeniamini? Basi kila siku ya soko nilikwenda na jiko na sufuria. Nasonga ugali mdogo pale pale, nakata tonge, nakula mimi kwanza, kama mwenye pombe anavyoonja mbele ya wageni wake. Kisha nawapa wapita njia.

"Tafuna, usimeze," nawaambia.

Msimu mzima niligawa zaidi kuliko nilivyouza. Shangazi alinicheka: "Wenzio wanauza unga, wewe umefungua sherehe ya ubatizo."

Mwanahawa, mwenye hoteli karibu na stendi, mzaliwa wa Ujiji, alikula matonge yangu soko baada ya soko bila kununua kitu. "Mchanga nilikula utotoni kule ziwani, ukanitosha," alisema. "Nikisikia chembe moja tu, sikujui." Mwishowe akachukua gunia. Akachukua na jingine.

Watu wakaanza kuniamini, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Siku hiyo anayoisimulia Yusta, mvua ilikuwa imenyesha, mkaa umelowa, jiko linatoa moshi tu. Wateja wakasema, "Tupimie bwana, nani asiyejua unga wako?" Nikawapimia. Gunia la Mwanahawa nalo likaondoka na mkokoteni. Maji yalipokuja kuchemka nikasonga, nikatia tonge mdomoni.

Kru.

Nikatafuna tena upande wa pili. Kru.

Nikamgeukia shangazi, aliyekuwa ameketi kando yangu. Akaangalia chini.

"Chanja zilijaa," akasema. "Uliobaki niliuanika barabarani. Kidogo tu! Wingu likaja, nikazoa wote pamoja."

"Shangazi!"

"Meza, unyamaze. Hakuna aliyekufa kwa mchanga."

Sikulia. Nilipanda juu ya kigoda nikapaza sauti: "Jamani, unga wangu wa leo una mchanga! Aliyenunua aurudishe, nimpe hela yake!"

Soko likacheka. Muuza ndizi akauliza nimekunywa nini asubuhi yote ile. Kisha wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Mama mmoja akaniletea unga wa mahindi. Mimi mahindi siuzi. Nikaupokea hivyo hivyo, maana watu walikuwa wanatazama.

Nikakimbilia stendi. Mwanahawa alikuwa ameshika mwiko, sufuria kubwa inatokota.

"Usiusonge, mama. Una mchanga."

"Nani kakwambia?"

"Meno yangu."

Akaweka mwiko kando. "Mimi ndiye huwafuata wachuuzi sokoni nikiwatukana," akasema. "Leo mchuuzi kanifuata mwenyewe!" Akawageukia wasichana wake: "Waambieni wateja leo wali tu." Soko lililofuata aliniagiza magunia mawili.

Unga wenyewe haukuona mtaro. Kuku wa shangazi waliula.

Sasa ni 2015. Hoteli za stendi zinachukua kwangu, na Kakonko wanaagiza. Nimeezeka bati. Mgeni akifika sokoni haulizi unga wa muhogo, anauliza, "Wa Elieth uko wapi?" Nikisikia hivyo shingo yangu inanyooka yenyewe. Na jiko bado nalibeba. Hata wakinihimiza, sipimi kabla sijatafuna.

Soko lililopita shangazi alikuja na gunia lake kichwani. Siku hizi naye anauza unga, kona ya pili, na bado anaanika barabarani.

"Wangu hawaugusi," akasema kwa sauti ya chini. "Wananipita wanakuja kwako."

Akalitua gunia karibu na beseni langu, akalifungua mdomo. Wateja wangu walikuwa wamesimama wakisubiri tonge.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekulea. Uchanganye na wako, uuze kwa jina lako. Jina lako si ndilo la nyumba yetu?"

Maji yakaanza kuchemka. Nikashika mwiko. Shangazi alikuwa bado ameinama, mkono wake umeshika mdomo wa gunia, ananitazama.