Kiatu cha Kushoto cha Evariste

Evariste Doliole alikufa Jumanne, na Alhamisi asubuhi mkewe, Philomène, aliniita nikamvike viatu. Mimi, Septime, ni fundi viatu wa Mtaa wa Dumaine. Kwa miaka ishirini na mitano nilikuwa pia mpiga ngoma kubwa katika bendi ya Evariste, ile iliyosindikiza nusu ya wafu wa upande wetu wa New Orleans. Yeye mwenyewe alipiga tromboni, na ndiye aliyekuwa kiongozi.

Mwenye duka la majeneza alikuwa ameleta viatu vipya, vinang'aa kama kioo. Nilivirudisha kwenye boksi lao. Niliinama nikavuta chini ya kitanda vile vyeusi nilivyomshonea mimi, nikaanza na cha kushoto. Philomène alisimama mlangoni akinitazama nikifunga kamba.

"Ulifikiri sijui, shemeji?" akasema.

Mikono yangu ikasimama.

"Mwanamume anaoga nyumbani kwake miaka yote hiyo, mkewe asione mguu? Nyinyi wawili mlinichekesha sana. Mnanong'ona kama wezi wa kuku." Akafuta macho kwa kitambaa. "Leo utapiga wewe?"

"Albin hataki."

"Albin gani huyo wa kutotaka?"

Albin Rochon ndiye aliyekuwa akiongoza bendi tangu Evariste augue wakati wa Kwaresima. Anapiga tarumbeta, anapiga vizuri, na si mtu mbaya. Jana yake alikuja dukani kwangu, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mzee wangu, nakuheshimu," aliniambia. "Lakini kesho ngoma atapiga Wardell. Marehemu anastahili ngoma iliyo macho."

"Ya kwangu imelala?"

"Si mimi ninayesema, baba. Mji mzima unasema."

Ni kweli, mji mzima ulisema. Kwa kinyozi walikuwa na mzaha wao: ukimtuma Septime akamlete daktari, atarudi na padri. Wanawake waliouza sokoni waliniuliza kama ngoma yangu hupitia kwanza kununua mboga. Nilicheka nao. Baada ya miaka kadhaa mtu huzoea kucheka, lakini haimaanishi kwamba hasikii.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 1909 bendi zilizunguka mitaani Jumapili kwa mikokoteni ya farasi, kutangaza dansi za jioni. Mpiga tromboni alikaa nyuma kabisa, miguu ikining'inia, ili apate nafasi ya kusukuma na kuvuta ule mrija wake bila kumtoboa mtu jicho. Bendi mbili zikikutana, watu walifunga magurudumu ya mikokoteni kwa mnyororo, asikimbie mtu, na hapo zilipiga mpaka umati useme nani mshindi. Siku ile tulishinda sisi. Evariste alipiga kama mtu anayefungua milango ya nyumba nzima mmoja baada ya mwingine. Wenzetu wakashuka kwenda kunywa bia. Mimi na mwendesha farasi tukawa tunamrudisha Evariste nyumbani. Naye, kwa furaha, akasimama pale nyuma kuwapungia watu kofia. Farasi akashtuka. Evariste akaanguka, na mkokoteni ukarudi nyuma ukampanda mguu.

Alikaa miezi minne katika chumba cha nyuma ya duka langu; wakati huo alikuwa bado hajaoa. Watu waliambiwa amekwenda kwa jamaa zake, mji wa Mobile. Nilimwuliza kwa nini asiseme tu.

"Septime," alinijibu, "wakijua, watasahau kwamba nilishinda. Watakumbuka kwamba nilianguka."

Mguu ulipona ukiwa umefupika kwa upana wa vidole viwili. Nilimtengenezea kiatu, ndani nimepanga tabaka za lile gome jepesi la vizibo vya chupa, juu nimeshona kama kawaida. Akisimama, hakuna aliyejua. Kwenye miziki ya haraka alirukaruka, watu wakadhani anacheza. Tatizo lilikuwa mazikoni. Huko bendi hutembea polepole, na tromboni ndizo zinazotangulia mstari wa mbele, kila jicho linaziona. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo kufika chini. Kidogo tu, lakini ngoma ilikuwa imeshalia.

"Ngoma yako ndiyo saa ya wote," akaniambia siku moja, tuko peke yetu. "Nisubiri."

Nikamsubiri. Kila hatua ya kushoto nilizuia kirungu hewani mpaka kiatu nilichokishona mwenyewe kiguse chini, ndipo nikapiga. Bendi yote ilifuata ngoma, na umati ukafuata bendi. Hakuna aliyeonekana anachechemea, kwa kuwa wote walichechemea pamoja.

Halafu Evariste akaanza kuujaza ule upenyo. Kabla pigo langu halijafika, alivuta sauti kutoka chini, ndefu, ikapanda polepole kama mtu anayepandisha ndoo ya maji ngazini, na ikifika juu ndipo ngoma inalia. Watu walilia machozi kwa sauti ile. Wapiga tromboni wengine wakaiga. Placide Aubry, ambaye siku ya mazishi ndiye aliyekuwa ashike nafasi ya Evariste mbele, alijifunza sauti hiyo kwa kutembea kando ya bendi yetu miaka mitatu. Nimeisikia hata ng'ambo ya mto, ikipigwa na watu ambao hawakuwahi kumwona Evariste. Wote waliamini aliibuni ili kumficha mpiga ngoma mzembe.

Nilimweleza Philomène aliyosema Albin. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mwambie," akasema. "Mwenyewe ameshakufa, na mimi mjane wake nimekuruhusu. Mwambie Albin, uchukue ngoma yako. Umebeba aibu ya mume wangu vya kutosha."

Nilitoka uani. Bendi ilikuwa imekusanyika karibu na pipa la maji, kofia vichwani, wengine wana vikombe vya kahawa. Wardell alikuwa akikaza ngozi ya ngoma, ile ile yangu. Albin aliponiona akaja.

"Mzee, unataka kusema neno?"

Nilitaka. Neno lilikuwa mdomoni. Bega langu la uzee lingeweza kubeba ngoma kwa saa moja, nilikwisha kulijaribu chumbani. Lakini nyuma ya Albin, Placide alikuwa amegeukia ukuta, akiijaribu ile sauti kwa ulaini. Ikapanda, ikasubiri pale juu. Mpishi mmoja akatoka jikoni na mwiko mkononi kusikiliza.

Nikafikiri: nikisema, kuanzia leo watasikia mguu. Hawataisikia tena tromboni.

"Kazeni kamba ya kushoto," nikamwambia Albin. "Hiyo ngoma hulegea upande huo."

"Asante, baba," akasema, na akanishika mkono kwa heshima.

Baada ya misa tulianza kutembea. Mimi nilikuwa nyuma, pamoja na chama cha kuzikana na majirani. Pembeni yangu alikuwa Bi Zénobie, muuza peremende, aliyenitania tangu ujana wetu. Wardell alipiga ngoma iliyonyooka, kila pigo mahali pake, haina kosa. Placide akavuta sauti yake, lakini pigo likamkata ikiwa katikati ya ngazi. Akajaribu tena. Ikakatwa tena.

Fundi viatu husikia soli kabla ya kitu kingine. Ngoma ililia, kisha, nyuma yake, soli za watu mia mbili. Ngoma; halafu soli. Nilidhani ni wachache, wazee. Nikatazama chini. Walikuwa wote. Wanawake, wabeba bendera za chama, watu wa bandarini, hata vijana. Wamewazika mama zao na baba zao kwa hatua ile, na miguu yao haikujua nyingine.

Mtaa mzima ulikwenda hivyo, ngoma kivyake, watu kivyao. Albin akageuza kichwa mara moja, kisha mara ya pili, uso umekunjamana. Kwenye kona ya Mtaa wa St. Claude nikaona kirungu cha Wardell kikipanda juu na kubaki hapo. Akasubiri. Sauti ya Placide ikapanda ngazi yote, ndoo imejaa, ikafika juu. Viatu vikatua. Ndipo ngoma ikalia.

Sikuweza kuliona jeneza kwa sababu ya vichwa vya watu. Nilijua tu kwamba ndani yake kiatu cha kushoto kimefungwa vizuri.

Bi Zénobie akanipiga kiwiko mbavuni, machozi yanamtiririka.

"Septime! Hata bila ngoma umewachelewesha!"

"Nisamehe, Bibi," nikasema. "Ni mazoea."