Kibofu cha Kinyozi

Mtaani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kunyoa peke yake. Ulimi wake nao ulikata. Mteja akikaa tu kitini, kabla hata hajafungwa kitambaa shingoni, keshapewa lake: "Kipara kimebisha hodi zamani, we unajifanya husikii?" Watu walicheka, wakamwaga siri zao za ndoa na za wakwe, na Wembe akazimeza zote. Za kwake hakuna aliyeziuliza. Nani amuulize kinyozi? Kinyozi hajinyoi, wahenga walishamaliza.

Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba tezi dume yake ina saratani, na kwamba daktari ameshasema itolewe. Wala hakuna aliyejua kwa nini mwaka mzima alivaa koti refu la kazi hata kwenye joto kali. Mkojo ulikuwa unamponyoka akiinama kunyoa masharubu ya watu. Mkewe angejua. Lakini mkewe alishatangulia mbele ya haki, na nyumba ya mtu mmoja haina wa kukuuliza mbona umefua suruali tena.

Kabla ya upasuaji alitakiwa apimwe kibofu. Aliambiwa anywe maji ya kutosha, aje amebanwa. Kwenye benchi la korido wanaume walikaa wamekaza mapaja, kila mmoja na chupa yake ya maji, macho ukutani. Wembe akajaribu utani: "Jamani, foleni nimeziona nyingi, lakini inayotaka kupasuka ndiyo hii!" Hakucheka mtu. Aliyebanwa hana meno ya kuchekea. Dereva mstaafu aliyekaa pembeni yake alinong'ona tu: "Ukikojoa vibaya humo ndani, hawakupasui. Wanakuacha na ugonjwa wako."

Nani alimwambia? Hakuna. Uongo wa kwenye benchi hauna mwenyewe. Na Wembe, mjanja wa mtaa mzima, akaumeza mzimamzima.

Alipoitwa, sista alimwonyesha kichumba chenye faneli kubwa juu ya stendi ya chuma, na waya uliopita chini ya mlango kwenda kwenye kompyuta. "Kojoa humu kama kawaida, baba. Mashine itachora kasi ya mkojo wako. Ukimaliza nitapima tumboni umebaki kiasi gani." Akafunga mlango.

Kama kawaida! Kwani kawaida yake ilikuwa ipi? Alisimama, akasubiri. Vikatoka vitone, vikakata. Nje sista akakohoa, na kibofu kikagoma kabisa. Hapo shetani akamwonyesha chupa yake, bado ina maji nusu. Akaifungua, akayamimina kwenye faneli, taratibu mwanzoni, halafu kwa nguvu, kama kijana. Akatoka kifua mbele.

Sista aliangalia mchoro. Akauangalia tena. Kisha akamlaza kitandani, akampaka mafuta ya baridi chini ya kitovu, akapitisha kipimo. Kwenye kioo kibofu kikaonekana kimejaa pomoni.

"Baba, mkojo wa kasi hivi umetoka wapi, na kibofu bado kimejaa?"

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Mtu mzima na mvi zake, kuibia kipimo cha mkojo!

"Nilidhani nikishindwa hamtanipasua."

"Nani kakudanganya? Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Tunataka kujua kibofu chako kikoje leo. Ukinificha sasa, ukija kuvuja baadaye tutajuaje kama ni upasuaji au ulikuja nako?" Akavuta kiti, akakaa. "Unavuja?"

Swali lenyewe dogo, lakini hakuna binadamu aliyewahi kumuuliza. "Navuja," alisema. "Nikiinama. Nikicheka pia, ndiyo maana siku hizi nachekesha wenzangu tu." Na akajikuta anamwaga yote, koti, suruali, kulala juu ya nailoni. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamrudisha kwenye faneli, akaenda kusimama mbali na mlango, na mkojo ukatoka wenyewe, wa kukatakata, mchoro wake mabonde matupu.

"Huu ndio wako," alisema sista. "Huu naupokea."

Kikabaki kitu kimoja. "Baada ya upasuaji utatoka hapa na mpira wa mkojo. Lazima awepo mtu wa kuja kukuchukua na kukaa nawe nyumbani, tumfundishe kuutunza. Bila huyo, daktari hapangi siku ya upasuaji. Nipe namba yake."

"Mdogo wangu," Wembe alisema haraka, akataja namba.

Sista akapiga palepale. Simu ikalia ndani ya koti la Wembe.

Walitazamana. Ikaendelea kulia. Sista hakukata, wala hakucheka. Wembe akaitoa, akaipokea, maana hakujua afanye nini kingine.

"Halo," sista alisema, macho kwake. "Namtafuta mtu wa mzee mmoja, kinyozi."

"Hana mtu." Wembe alijibu. "Ana binti, lakini yuko mbali. Ana watoto wadogo. Mzee hataki kumsumbua."

"Binti anajua?"

"Hajui."

Sista akakata simu, akatoka, akarudishia mlango. Wembe alibaki na simu mkononi. Upweke alishauzoea, na ukishauzoea unakuwa mwepesi kuliko kumwambia mwanao neno moja. Aliogopa kuliko alivyouogopa wembe wa daktari. Mwishowe akapiga.

"Shikamoo baba! Niko kazini, bosi ananikodolea macho hapa. Ni salamu tu, eh? Nitakupigia baadaye."

Siku zote hapo ndipo aliposema haya mwanangu, ni salamu tu.

"Marahaba," alisema. "Usikate, mwanangu. Naumwa."